Jinsi ya Kuwekeza Mabogini Bila Kutumia Hata Senti

Siku hizi Mabogini, tambarare ya mpunga chini ya Mlima Kilimanjaro, hakuna anayetumia pesa, wote wanawekeza. Kama wewe bado unatumia, fuata mwongozo huu.

1. Wekeza kwenye ardhi. Mwambie dalali unataka kiwanja cha ishirini kwa ishirini. Atakupeleka palipokuwa majaruba ya mpunga, akuapie kuwa lami inakuja. Lipa, shusha tripu ya mawe na tripu ya mchanga, inua msingi, kisha potea. Magugu yakishafika kiunoni na mbuzi wa jirani wakigeuza msingi kitanda, usikubali kwamba umekwama. Sema unasubiri bei ipande.

2. Wekeza kwa watu. Shemeji akikuletea kadi ya mchango wa harusi, ahidi laki mbili mbele ya kamati, sauti ya juu. Gawio utalipwa ukiozesha wako. Madaftari ya michango hayapotei kama hati za viwanja.

3. Wekeza kwenye mapenzi. Vocha, nauli, pesa ya kusuka. Desemba, watu wakipanda mlimani kula sikukuu, mpenzi wako akitambulishwa kwao na mwanamume mwingine, pokea kama hasara ya kawaida ya soko.

4. Wekeza panapovunwa bila jembe. Upatu wa DECI uliwafundisha Watanzania "kupanda mbegu" za noti hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009, viongozi wake wakaishia kizimbani. Ukisikia mbegu mpya ya aina hiyo, wahi kabla jirani hajakutangulia.

5. Popote uwekezapo, usiguse mfereji. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, inayolisha majaruba ya hapa, ilikamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani: mabanio, mifereji ya zege, mpunga wa IR54 uliozaa kuliko wa zamani. Wakulima wa juu walipoona magunia ya wenzao, nao wakalima mpunga, maji ya mito ya Njoro na Rau yakapungua kabla ya kufika chini. Ndiyo maana utamkuta mkulima wa chini ana tochi usiku, analinda zamu yake ya maji, jaruba limepasuka nyufa za kuingiza kidole. Shilingi ya kuzibua tope mferejini hurudi kwa magunia, lakini nani atakupiga picha umesimama kwenye tope?

Kwa hiyo mweka hazina wa wamwagiliaji akija kudai ada ya maji, mkaribishe kiti, mpe pole ya kazi, umweleze kwa upole kwamba hali ni ngumu: pesa zote umeshaziwekeza.