Sifa za Mmea Usiotaka Kupendwa

Waridi na asumini vimeshiba sifa. Washairi wa pwani wamevihudumia vya kutosha. Leo vigelegele napiga kwa ajili ya ule mmea uliokaa kwenye kona ya ukumbi wa benki, karibu na mashine ya maji, ambao hakuna akumbukaye nani aliuleta. Majani yake ni mazito na yanameta kana kwamba yamepakwa mafuta ya nazi, hata wateja wakisubiri foleni huyafinya kwanza wahakikishe si plastiki. Kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, mzigo ambao wauza maua wameutua kwa kuuita ZZ.

Utukufu wake ni kwamba haudai. Luku inapiga kelele, kuku wanataka pumba, shule inataka ada, ZZ umenyamaza. Umwagilie leo, uusahau mwezi mzima, utaukuta palepale na sura ileile. Chini ya udongo una viazi vinene vilivyojaa maji, na kiu ikizidi hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, jua likiwa limeshazama, ili usipoteze hata unyevu kidogo. Ukame ukikaza kamba, huangusha vijani vyake kimoja kimoja, ukabaki vikonyo. Hapo mwenye nyumba hujiona muuaji. Kumbe kijani kilichoanguka kwenye udongo kinaweza kutoa kijiazi na mizizi, kikaanza maisha yake. Umeutelekeza, nao umekujibu kwa kuzaa!

Kinachouua ni huruma. Mtu mwema, anayeamka alfajiri na kopo la maji mkononi, ndiye anayeozesha vile viazi hadi mashina yageuke manjano na kulala chini. Mzembe wa jirani, asiyejua hata chungu kimewekwa wapi, anasifiwa na wageni kwa mkono wake wa kilimo. Ni haki iliyochelewa. Wazembe tumedhulumiwa muda mrefu mno katika mambo ya bustani.

Wapo wanaodhani ni mmea wa Kizungu, kwa sababu wameuona kwenye ofisi zenye viyoyozi. Ni mwenyeji huu. Huota wenyewe katika misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania, ukashuka hadi KwaZulu-Natal, na umekanyagwa na waokota kuni vizazi na vizazi. Mwaka 1829 Loddiges, wauza mimea wa London, waliuandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya wataalamu. Kisha dunia ikaendelea na shughuli zake. Ni miaka ya 1990 ndipo wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Ukarudi kwetu ndani ya chungu cheupe, una bei, nasi tukaununua kwa heshima zote. Sijui mmea mwingine wa porini uliotuuzia nafsi yake kwa ustadi namna hiyo.

Ukoo wake ni ule wa magimbi. Lakini gimbi likichemshwa linashuka na chai, huu hauliwi kabisa: ndani yake mna vijisindano vya kalsiamu oksaleti, vinavyowasha mdomo na koo, kwa hiyo usiuweke anapofikia mtoto anayetambaa. Mwingine angeita hiyo kasoro. Mimi naiita msimamo. Hata maua unayo, ila huyatoa chini kabisa, kigunzi kidogo cha rangi ya maziwa kilichojificha kwenye mashina, na waliofuga mmea huu kwa miaka wengi wao hawajawahi kukiona.

Wasema unakua polepole. Ni kweli, kijani kimoja ukikichomeka leo, subiri zaidi ya mwaka ndipo uonyeshe wageni. Ila tazama chungu cha plastiki cha mmea uliozeeka: ubavuni kimevimba na kupinda, viazi vinasukuma kutoka ndani. Kazi ilikuwa ikifanyika wakati wote huo, bila kikao wala ripoti.

Basi ukisafiri, ufunguo mwachie jirani kwa ajili ya paka. Umsihi tu, na ikibidi umwapishe, asiukaribie ule mmea na maji yake.