Jinsi ya Kumkana Darwin Ukiwa Nyeri

Anza na mtihani. Mageuko ya viumbe yamo katika silabasi ya Bayolojia, na mwanao wa Karatina atayakuta KCSE. Mwache akariri Darwin mpaka kengele ya mwisho, kisha atubu njiani akirudi. Akiulizwa asili ya Wakikuyu, ataje Gikuyu na Mumbi, Mukurwe wa Nyagathanga na mabinti tisa kamili. Jumapili, Adamu na Hawa. Asili tatu kwa wiki moja si mzigo kwa mtoto aliyelelewa vizuri, mradi ajue ni nani anayesahihisha.

Halafu chukia mifupa. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kutaka mabaki ya zamadamu yasipewe nafasi ya mbele katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Mvulana wa Turkana, mmoja wa zamadamu hao, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, alikuwa amelala ardhini yapata miaka milioni moja na nusu bila kudai undugu na mtu. Ukitajiwa Mlima Kenya, uliotapika moto miaka milioni tatu hivi iliyopita, jibu kwamba siku za Mungu ni ndefu. Jibu hilo usilitumie kwa mifupa.

Mkatoliki wa Mathari ana kazi zaidi, maana Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuko si dhana tu. Ajifanye hakusikia.

Mtihani wenyewe hasa uko zizini. Umepulizia ng'ombe dawa ile ile miaka nenda miaka rudi, maji mengi kuliko inavyotakiwa, na sasa kupe hawafi. Wanyonge walikufa zamani. Wachache waliostahimili walizaa, na watoto wakarithi ugumu huo. Ndicho alichoeleza Darwin mwaka 1859, lakini usimtaje. Sema dawa ni feki. Kupe hao wakimwambukiza ng'ombe ndigana kali, mshuku jirani mwenye kijicho. Mwombe mwenye agroveti kitu kikali zaidi, ukakichanganye tena kwa kukisia. Daktari wa mifugo akikushauri ubadili aina ya dawa, mkwepe: huyo ni Darwin aliyevaa gambuti.

Ukichoshwa na gharama za mwongozo huu, tenda dhambi moja ndogo: badili aina ya dawa kama daktari alivyoshauri, usome kibandiko cha chupa, upime kama kilivyoandikwa. Mchungaji hatajua, na kupe watakufa.