Shemeji Dola Ametuvurugia Jumapili

Mwenzangu unayesomesha, wewe utanielewa. Nyumba yenye mtoto chuoni haina mwenye fedha. Ina mwenye madeni na mwenye kauli. Kwetu hapa Mlalo, kauli ni ya Mama Zaina, na sijawahi kuigombea. Mwanamke anayejua bei ya karoti ya Kariakoo kabla lori halijateremka Mombo ndiye anayestahili kushika mfuko.

Chanzo cha patashika ni dada yake, Shemeji Dola. Huyu aliolewa akaenda zake Columbus, Ohio, na kila Jumapili jioni yetu, kwake bado asubuhi, hupiga simu ya video. Mtandao wa hapa nyumbani unashika vizuri mahali pamoja tu, chini ya mpeasi nyuma ya jiko. Kwa hiyo simu ikilia, ukoo mzima unahamia huko na mablanketi, maana baridi ya bonde hili jua likishazama haina mjomba. Mama mkwe wangu, Bibi Spika, anawekewa kigoda katikati. Jina amelipata kwa haki: hakuna anayesema bila ruhusa yake, na akigonga kikombe kwa kijiko, hata wajukuu wanaopigania simu wananyamaza.

Jumapili hiyo Shemeji Dola alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Alikuwa amemaliza hesabu zake za kodi, na mwanawe yuko chuo. Kwa sheria ya Marekani, akasema, mzazi aliyelipa ada ya mtoto anayemtegemea anapunguziwa kodi hadi dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka minne ya kwanza ya chuo. Dola 2,000 za kwanza za ada na vitabu zinahesabiwa zote, na 2,000 zinazofuata zinahesabiwa robo. Chumba na chakula havimo. Na kama kodi yako imeshafutika, bado unaweza kurudishiwa hadi dola 1,000 mkononi.

"Lakini dada, si ulisema ada mmelipa kwa mkopo?" Mama Zaina akauliza.

"Ndiyo utamu wake! Mkopo nitaulipa mwenyewe, kwa hiyo ile ni fedha yangu. Msaada wa bure ndio unaokatwa kwenye hesabu. Wanaangalia mwaka ambao chuo kimelipwa, hawangoji nimalize deni."

Mke wangu akanigeukia. Ninalifahamu jicho hilo. Ndilo lililoninunulisha mbuzi watatu tulipokuwa tumetumwa sokoni kununua sufuria. "Baba Zaina, umesikia? Na sisi tumelipa kwa mkopo. Risiti ziko wapi?"

Hapo ikaanza kazi. Niseme kwanza kuhusu kijana wetu, tunayemwita Bumu. Hilo ni jina la wanachuo kwa fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bumu likiingia, simu yake haipatikani. Likiisha, anatusalimia asubuhi, mchana na usiku, hadi mbuzi anawaulizia hali. Bodi ilimpa sehemu ya ada, na iliyobaki tuliikopa kwenye kikoba cha mama yake. Kwa hiyo tuna madeni mawili kwa kichwa kimoja, na kichwa chenyewe tunakipenda mno.

Risiti zilitafutwa chini ya magodoro, kwenye kopo la mbegu za maharage, ndani ya Biblia ya marehemu baba mkwe. Mkoba wa Bibi Spika ulikataliwa kufunguliwa, mwenyewe aliukalia. Maharage yaliyokuwa jikoni yakaungua hadi harufu ikafika barabarani. Ndipo Bumu alipokumbuka kusema kwamba ada hulipwa kwa kontroo namba, risiti ni ujumbe wa simu, na zile jumbe alizifuta kupata nafasi ya nyimbo.

Mama yake hakumpiga. Alikaa tu kwenye ngazi akimtazama, na mimi nikaona huruma kwa wote wawili.

Wa kutuokoa akawa Mhasibu, mtoto wa dada yangu, kijana mpole anayefanya kazi za hesabu mjini Lushoto, aliyekuwa amekuja kutafuta plamu za kupeleka kwa mchumba. Alipewa chai ya tangawizi na swali kabla ya kuketi. Akajibu taratibu: Tanzania hakuna punguzo la kodi kwa mzazi aliyelipa ada, iwe kwa taslimu au kwa mkopo. Mwajiriwa mwenye mwajiri mmoja tu na asiye na kipato kingine hata ritani hapeleki. Kodi yake inakatwa juu kwa juu, yamekwisha. Na mama anayeuza mboga, mauzo yakiwa hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka, hadaiwi kodi ya mapato, kwa hiyo hana cha kupunguziwa. Anayetambuliwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ni mfanyabiashara anayechangia Mfuko wa Elimu, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2001. Huyo mchango wake unahesabika.

"Yaani anayesomesha watoto wa watu anapunguziwa, mimi ninayesomesha wangu sipunguziwi?" Mama Zaina akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyekuwa na jibu, hata Bibi Spika.

Mhasibu akaomba kalamu. Zaina, binti yetu mkubwa ambaye ni mwalimu wa sekondari, naye alisoma kwa mkopo wa Bodi na sasa anaurejesha. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya hapo ilikuwa 8. Nafuu iliyopatikana tunaishukuru: Mei Mosi ya 2021 kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, na deni likaacha kuumuka.

Chukua mtumishi wa mshahara wa shilingi 900,000, kijana akaandika nyuma ya kalenda. Pensheni asilimia 5 ni 45,000, na hiyo hutolewa kabla kodi haijapigwa. Inabaki 855,000, kodi yake 91,750. Kisha ndipo Bodi inachukua 135,000. Kodi imeshatozwa juu ya fedha hiyo kama vile mwalimu amekula nayo nyama, na hakuigusa. Kama 135,000 ingetolewa mwanzo pamoja na pensheni, kodi ingekuwa 60,000. Tofauti ni 31,750 kwa mwezi, 381,000 kwa mwaka.

Bibi Spika aligonga kikombe. Hajui kusoma, lakini hesabu ya fedha hajawahi kukosea. Akauliza kama serikali inajua kwamba Zaina anarudisha fedha za serikali hiyo hiyo. Akaambiwa inajua. Akauliza kwa nini basi inamtoza kodi kwa kuzirudisha. Akafunga kikao, akaenda kulala na mkoba wake.

Tukala ugali kwa maharage yaliyoungua. Mama Zaina akatoa kauli: mwenye kalamu humu ndani aandike, asinung'unike. Nami naandika, kwa sababu amesema kweli. Hatudai dola za Shemeji. Bodi imewasomesha watoto wa wakulima wengi wa milima hii, na deni lilipwe hadi senti ya mwisho, wa nyuma nao wapate. Tunachoomba ni kwamba marejesho ya mkopo yatolewe kwenye mshahara kabla ya kodi, sawasawa na mchango wa pensheni.

Mbunge wako akija mkutanoni, usimwulize ya barabara peke yake. Mwulize na hili.