Chaja Isiyo na Plagi

Sogea hapo kwenye benchi, nina la moyoni. Nimenunua kigari cha rimoti. Mtu mzima, kitambi hiki, kigari! Nyumbani nilisema ni cha mpwa wangu wa kidato cha pili. Mpwa akaniangalia, akanyamaza. Ndiyo adabu zao siku hizi, wanakuumbua kimyakimya.

Kigari kina betri ya lithiamu, na chaja unanunua kivyake. Sawa, nikanunua. Nafungua boksi: kioo kidogo, vitufe vinne, nyaya kama utumbo wa kuku. Natafuta plagi. Nageuza. Natikisa boksi. Hamna! Kuna waya mwekundu na mweusi, mwishoni vibanio vyenye meno kama mamba. Yaani chaja nayo inaomba chaja. Mgongoni imeandikwa inapokea volti 11 hadi 18 za DC. Mimi DC namjua mmoja tu, yule wa wilaya.

Nikaanza na adapta ya king'amuzi. Volti 12. Na 12 iko katikati ya 11 na 18, hiyo hesabu hata mimi naiweza. Kioo kikawaka! Nikashangilia mpaka mpangaji wa chumba cha pili akatoka. Nikabonyeza ianze kuchaji, pu, kikazima. Kikawaka. Kikazima. Mpwa akasoma yale maandishi madogo ya kuonea wazee: ampea 1.5.

"Anko, 12 mara 1.5 ni wati 18. Chaja yako inatoa mpaka wati 50."

Na wakati huo mke wangu ameketi mbele ya tivii nyeusi, saa ya tamthilia. Hiyo nitakusimulia nikipona.

Nikadaka adapta ya laptop. Wati 65, kipande cha mtu. Mpwa akaninyang'anya mkononi. Volti 19! Mwisho 18! Moja tu jamani, daladala zetu zinazidisha abiria kumi na hazilipuki. Akasema umeme hauna konda wa kubembeleza.

Basi akaja na pawa saplai ya kompyuta iliyokufa. Akaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka, akatoka kidogo kwenda dukani. Kosa lake hilo. Nikaona waya mwekundu na mweusi, nikasema nani asiyejua nyekundu ni chanya? Nikabana. Chaja kimya. Nikaipiga kibao. Kimya. Mpwa anarudi, hata begi hajatua: "Anko, hapo nyekundu ni volti 5. Ya 12 ni ya njano." Nyekundu imekuwa 5 tangu lini? Nani aliitisha kikao? Nikasusa, nikasema hilo dude ni bovu.

Jioni nikamwendea jirani wa bajaji. Betri yake ni volti 12, ina nguvu ya kuwasha injini, kigari ni nini? Akanipa, mtu mwema yule. Chaja ikatulia tuli, kama mtoto aliyepata ziwa. Nikachaji betri yangu. Nikacheza ukumbini, nikagonga kabati. Nikachaji tena. Nikacheza. Nikachaji ya tatu. Saa sita usiku chaja ikalia pii pii, eti volti zimeshuka chini ya 11. Nikafurahi, kumbe inajilinda yenyewe, kifaa cha akili! Kumbe betri ya namna ile ikifika 11 ni maiti. Chaja imejilinda yenyewe, haikumlinda jirani. Asubuhi bajaji haiwaki. Nikaisukuma kwa kandambili, abiria wake kaketi nyuma, mama mmoja na ndoo ya samaki, ananiambia kaza baba.

Nikakata tamaa, nikaenda Kariakoo. Fundi akauliza wati, akaongeza kama robo ya kupotelea kwenye joto, akagawa kwa 12. Ampea 5 na kidogo. Akatoa saplai ya bati lenye matundu, ile ya taa za LED: volti 12, ampea 10. Nikaruka. Ampea 10 si zitaisukuma chaja ipasuke? Kibanda kizima kikacheka, mpaka muuza kahawa aliyekuwa anapita tu.

"Ampea hazisukumwi mzee wangu, zinavutwa. Sufuria likiwa kubwa, wewe si unapakua sahani yako?"

Akaniuliza kama nimeitazama swichi ya pembeni. Swichi gani? Ilikuwa kwenye 110. Umeme wetu ni 230. Akaisogeza kwa bisibisi, taratibu, huku ananitazama kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. Nyaya akafunga mwenyewe, na akaziba vile vichwa vya skrubu, akisema kwa mkono wangu huu ni bora tahadhari.

Sasa inafanya kazi, mwenzangu. Haizimi, hailii. Shida ni kwamba mpwa alimwonyesha jirani kwenye menyu kwamba chaja ile inachaji hata betri za bajaji. Tena kwa adabu kabisa, "Anko atafurahi." Inachukua usiku kucha. Jirani analeta yake saa mbili. Juzi kaja na ya rafiki yake. Jana walikuwa watatu, wamepanga foleni barazani, mke wangu anawapikia chai.

Kigari kiko juu ya kabati. Betri imekwisha.