Hotuba Elekezi Kuhusu Damu ya Sukari, Staringi Asiyekufa na Maoni Yenu Yasiyoombwa

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wa mtaa, akina mama, vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu, na ndugu zetu wa Ruiru mliochelewa kwa sababu mnazozijua wenyewe: itifaki imezingatiwa.

Jina langu mnalijua. Asiyelijua amuulize aliye karibu naye, na kama naye halijui, wote wawili wasogee mbele wanione vizuri. Mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Sinema za Kutisha na Kuchekesha za Bei ya Chini, Kanda ya Thika na Ruiru, na Juja naishikilia kwa muda mpaka ipate mtu wake. Cheo hiki sikupewa na chuo. Tuna Mount Kenya hapa mjini, tuna Zetech kule Ruiru, na hakuna hata kimoja kilichoona pengo hili. Nililiona mimi, nikalijaza.

Nimealikwa hapa Makongeni kutatua tatizo sugu. (Ndiyo, nilijialika mwenyewe, lakini barua ya mwaliko niliiandika kwa adabu zote.) Tatizo ni hili: watu wanatoa maoni kuhusu filamu bila mpangilio. Mtu ametoka zamu kiwandani, amelipa bob ishirini mlangoni kwenye kibanda cha video, na kabla jina la filamu halijatoka kwenye skrini ameshasema, "Hii ni bure kabisa." Bure kwa kipimo gani? Na hicho kipimo alikinunua wapi?

Tuanze na kitabu cha msingi, yaani The Evil Dead ya Sam Raimi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Detroit, Marekani, mwaka 1981. Raimi alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Alizunguka kwa madaktari na mawakili wa kwao akichangisha pesa, kama mtu anayeandaa harambee ya karo, mpaka akapata kiasi cha dola 375,000 hivi, ambazo Hollywood ni hela za chai. Akawachukua wenzake hadi nyumba moja mbovu iliyoachwa msituni Tennessee, wakapigwa baridi, wakapiga filamu. Kisa chenyewe ni chepesi. Vijana watano wanaenda kupumzika porini, wanakuta chini ya sakafu kitabu cha ajabu na rekoda ya kanda, wanaibonyeza, sauti inasoma maneno yasiyosomwa, na mashetani yanaamka. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa wageni watano wamekuja, na mwenyeji aliyelala chini ya sakafu amepona kweli kweli.

Sasa zingatieni jambo ambalo hakuna mwanazuoni mwingine aliyewahi kulitaja, kwa sababu nimewakataza. Mwaka huohuo wa 1981 Thika nayo ilikuwa kwenye skrini. Televisheni ya Uingereza ilionyesha The Flame Trees of Thika, mfululizo uliotokana na kitabu alichochapisha Elspeth Huxley mwaka 1959. Mwaka mmoja, pande mbili za bahari, miti na miti! Tofauti ni kwamba miti ya Raimi inakamata watu, ilhali miti ya Thika imesimama tu, inachanua, inawatazama walowezi. Mji huu ulikosa nafasi ya kihistoria. Nimeziandikia afisi kadhaa kuhusu jambo hilo na bado nasubiri majibu.

Nilipoileta filamu ya Raimi mbele ya watazamaji wa Thika, nilitarajia kimya cha kitaaluma. Mlango wa ile nyumba ulipojifungua wenyewe, mama mmoja muuza mboga akauliza kwa sauti, "Hawa watoto hawana shosho?" Nikamwelewesha kwamba swali la ukoo haliingii katika uhakiki wa sinema. Akasema mtoto mwenye shosho haingii nyumba ya watu na mabegi kabla ya kupiga hodi. Kibanda kizima kikakubaliana naye. Walipofika kwenye rekoda, watu wakasimama wakipiga kelele, "Zima hiyo redio!" Walipiga kelele kwa moyo wote, kana kwamba Raimi yuko pale hoteli ya Blue Post anakunywa kitu na anaweza kuitwa. Redio haikuzimwa. Vijana wakaliwa. Na mama wa mboga akanitazama mimi, si skrini.

Ruiru waliitazama vingine. Ruiru ni mji wa maghorofa ya kupanga, na mtu wa Ruiru akiona nyumba haoni nyumba, anaona dipoziti. Kijana mmoja wa Kihunguro aliuliza kama pale msituni maji yanatoka kila siku au ni Jumanne na Ijumaa. Mwenzake akasema hata yasipotoka, hakuna keateka wa kukugongea mlango tarehe tano, na pepo lenyewe limefungiwa chini ya sakafu, kumaanisha hamgawani choo. Wakaanza kukadiria kodi. Dada mmoja aliyedai yeye ndiye mwenye busara kati yao akasema angeichukua, ila apunguziwe kwa sababu ya damu ukutani. Nikasimamisha filamu ili niwaeleze nini maana ya kuogopa. Wakaniambia nimeziba skrini.

Kuhusu damu nitachukua muda, kwa sababu hapa ndipo ujinga wa umma ulipojikita. Damu ya Raimi ilikuwa sharubati ya mahindi, rangi ya chakula, na ile krimu ya unga inayotiwa kwenye kahawa. Nasema tena: kahawa. Ndugu zangu wa Ruiru, ni katika kituo cha utafiti kilicho kwenu ndiko ilikotoka kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mimi naona uhusiano wa wazi kati ya mambo haya mawili. Asiyeuona akapimwe macho.

Lakini huwezi kumdanganya kwa damu mtu ambaye kila jioni anasimama kando ya barabara kungoja mutura ukatwe. Huyo anaijua damu ikiwa mbichi, ikiwa imechemka, na ikiwa imechanganywa na pilipili na dhania. Filamu ilipofika mahali ambapo damu inamwagika kutoka ukutani kwa ndoo, wanaume wa Thika walicheka mpaka wakashikana mabega. "Hiyo ni juisi!" Nilipowaeleza kwamba pale Raimi anatisha, wakacheka zaidi. Inaniuma kusema kwamba mwaka 1987 Raimi alitoa filamu ya pili, akaanza hadithi karibu upya, na safari hii akatia mzaha waziwazi: Ash, staringi wetu, anapigana na mkono wake mwenyewe, anaukata kwa msumeno wa mashine, na mkono unatoroka ukikimbia kwa vidole. Ni kana kwamba alikuwa amekaa benchi la nyuma katika kibanda kile. Seremala mmoja akasema msumeno ule hauwezi kuendeshwa kwa mkono mmoja. Nikamwambia akae. Akabaki amesimama, akaonyesha kwa vitendo.

Sasa tuvuke mpaka. Mnamo 2010, mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Nabwana I.G.G. alitoa Who Killed Captain Alex? kwa pesa ambazo wenyewe husema hazikufika dola 200. Yaani Raimi, maskini yule, akilinganishwa na Nabwana ni tajiri wa Muthaiga. Mtasema hiyo ni filamu ya vita na kung fu, si ya kutisha. Nami nitajibu kwamba mwanzoni damu yake ilikuwa ya ng'ombe, ya kweli, mpaka mwigizaji mmoja akaugua, ndipo wakahamia rangi ya chakula iliyojazwa ndani ya kondomu za kugawiwa bure. Ikipasuka, mtu amepigwa risasi. Kama hilo halikutishi, rudi Kamakis ukaendelee na nyama yako. (Za Dar es Salaam, Nsyuka na Shumileta zake Mussa Banzi, zenye mambo mazito, nitazitolea hotuba ya peke yake, kwa kiingilio cha peke yake.)

Hapa nalazimika kuwakumbusha Sheria ya Staringi: staringi hafi. Sheria hii sikuitunga, ingawa naisimamia. Kila mtoto aliyelelewa na vibanda vya video kati ya Githurai na Makongeni anaijua kabla ya kujua majina ya mito inayopita Thika. Staringi atapigwa, atazikwa, ataangukiwa na jengo, na mwisho atatokea akijipangusa vumbi. Mwaka 1981 Raimi aliijaribu sheria hii: filamu inaisha kitu kisichoonekana kikimvamia Ash, anapiga yowe, basi. Thika ilisema hajafa, amekwenda kujipanga. Ruiru ilisema amekufa, nyumba iko wazi.

Nabwana hakuijaribu sheria. Aliivunja. Kapteni Alex mwenyewe, ambaye jina lake liko kwenye jalada, anauawa katikati ya filamu! Ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kutafuta kisasi, helikopta zinashambulia mji, watu wanakufa kwa mafungu, na filamu inaisha bila kumtaja muuaji. Jina la filamu ni swali, na filamu haikulijibu. Nimewahi kuona vurugu za kandanda hapa Thika, lakini sijaona watu wakidai bob ishirini zao kwa ufasaha ule. Mmoja akasema muuaji ni mwanajeshi mwenzake. Mwingine akasema Kapteni alikuwa na deni. Mzee wa nyuma kabisa, aliyekuwa amelala, akaamka na kusema ni mwanamke. Kila mtu akatoka na muuaji wake mfukoni, na kesho yake wakarudi, wakalipa tena, ili wamthibitishe.

Ningekuwa mtu mdogo, ningesema hapo watazamaji ndio waliomaliza kazi ambayo Nabwana hakuwa na pesa ya kuimaliza. Lakini mimi si mtu mdogo, kwa hiyo nitasema hivyo kwa maneno makubwa zaidi: upungufu wa bajeti hufidiwa na ziada ya midomo. Filamu ya mamilioni imezibwa pande zote, huna pa kuingilia. Ya bei ya chini ina matundu, na Mkenya hajawahi kuliona tundu akalipita bila kutia neno.

Hili linanileta kwa mpinzani wangu mkuu kitaaluma, DJ Afro. Mtu huyu anachukua filamu ya Wachina, anaweka Kiswahili chake juu, anawasema maadui, anamshauri staringi, na nchi nzima inamsikiliza. Shahada yake sijaiona, wala nguo za mahafali. Ni mtazamaji aliyepata maikrofoni! Dar walikuwa na Lufufu wa kazi hiyohiyo. Kampala wana VJ Emmie, ambaye katika ile nakala ya Captain Alex iliyoenea duniani anapiga kelele, anawasifu waigizaji, anacheka kabla yako, anatangaza filamu nyingine katikati ya mapigano. Maoni yametoka juu ya filamu na kuingia ndani yake, na sasa ukiyaondoa, filamu inabaki mifupa.

Mbaya zaidi, Nabwana mwenyewe ni zao la maoni. Utotoni hakuwa akienda kuona sinema; kaka zake ndio waliokuwa wakienda, wakirudi wanamsimulia. Alijifunza filamu kwa masikio. Na mtazamaji akiguswa hatulii: mwaka 2011 Mmarekani Alan Hofmanis aliona kionjo cha Captain Alex akiwa New York, akapanda ndege hadi Kampala, akaishia kuigiza. Hata Raimi aliokolewa na mdomo: mwandishi Stephen King aliiona filamu yake Cannes mwaka 1982, akaisifu kwa maandishi, na wasambazaji waliokuwa wakikwepa wakaanza kupiga simu. Neno la mtazamaji mmoja! Mimi maneno nimetoa hapa Thika mpaka koo likakauka, na simu ya pekee niliyopigiwa ilikuwa ya mwenye kibanda, akiuliza benchi lake liko wapi.

Kutokana na hayo, nimefikia uamuzi. Kama maoni yana thamani kiasi hicho, hayawezi kuachwa mikononi mwa wenye nayo. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina madaraja yake: GE, PG, 16 na 18. Mimi naongeza mawili kwa eneo hili. La kwanza ni la filamu zinazoruhusiwa kuonyeshwa shosho akiwepo tu, ili aulizwe kabla mlango haujafunguliwa. La pili ni la Ruiru pekee, filamu za kutazamwa na mtu aliyekwisha kulipa kodi ya mwezi, asije akavutiwa na nyumba. Vilevile, stima ikipotea au tokeni zikiisha katikati ya filamu, kama inavyotokea Ruiru pepo linapokaribia kabisa kitanda, ni marufuku watazamaji kujimalizia hadithi gizani. Wiki iliyopita walijimalizia, na stima iliporudi wakakataa mwisho wa kweli, wakasema mwisho wao umeushinda.

Kuanzia leo maoni yote yataandikishwa kwangu. Kucheka mahali pa kutisha ni bob kumi. Kutishika mahali pa kuchekesha ni bure, hiyo inahitaji huruma. Anayejua aliyemuua Kapteni Alex alete jina likiwa limefungwa kwenye bahasha, na mzee aliyesema ni mwanamke asilete tena, nimeshalipokea mara nyingi. Mama wa mboga ninakuona umeinua mkono. Maswali ni baada ya soda. Soda ni moja kwa kila maoni, Ruiru mkae upande wa kushoto, na mwenye maoni mawili arudishe chupa kwanza.