Breki Hazimo kwenye Ajenda

Mtazame kijana wa Ikola, huku ziwani, aliyeuza samaki wake aina ya migebuka vizuri, anavyochagua pikipiki yake ya kwanza. Anaanza na rangi. Halafu spika: itakaa wapi? Kisha maandishi ya kwenye madigadi, suala linaloitishiwa kikao kizima kijiweni. Breki hazimo kwenye ajenda.

Ndoto ni Boxer ya cc 150, maana TVS ya 125, kwa maelezo ya wajuzi, ni ya kujifunzia. Na yeye, ambaye hajawahi kuendesha, ajifunze nini tena? Leseni nazo zina madaraja: A1 ni ya injini ndogo, A ni ya zile zinazozidi cc 125. Mnunuzi hana hata moja, kwa hiyo hapendelei upande.

Ushauri mmoja wa maana umempata kwa bahati tu: anunue ambayo spea zake zipo Mpanda, kwani ikifia huku ziwani, Dar ni mbali.

Kofia ngumu? Anayo, inavaliwa na usukani. Breki ya mbele, ile yenye nguvu kuliko ya nyuma, ameambiwa asiiguse kamwe, itamrusha. Aliyemwambia ana kovu kutoka gotini hadi kwenye kifundo, na ndiye mwalimu wake.