Heshima kwa Sanduku la Kijivu

Kwetu mtu akifa husomewa wasifu hata kama alikuwa mwizi wa kuku. Nashangaa basi kwamba plagini ya video imezikwa miaka yote hii bila mtu kusimama akasema neno la heri. Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na tarehe 12 Januari 2021 wakaanza kuizuia isicheze chochote. Arobaini haikufika, siku ya kumi na mbili kaburi lilikuwa limeshasakafiwa.

Kwa vijana ambao hawakumkuta marehemu: zamani kivinjari hakikujua kucheza video. Kilijua maandishi na picha, basi. Video ikitokea, kilimwita mgeni kutoka nje aje kuifanya hiyo kazi, na mgeni huyo ndiye plagini. Walikuwa wengi, kina RealPlayer, QuickTime, Silverlight, lakini Flash ndiye aliyekaa kiti cha mbele, hasa YouTube ilipozaliwa mwaka 2005 na kumkabidhi video zake zote. Wafasiri walimwita programu-jalizi, na sijaona jina lililomkaa mtu vizuri kama hilo. Alikuja kujaliza, akajaliza kweli: memori, diski, na uvumilivu wa mteja.

Mwaka 2010 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe Buguruni. Kompyuta nane, kila moja ina RAM ya MB 512 na Windows XP, na feni moja iliyoelekezwa kwa mwenye kafe. Plagini iliyotutesa pale ilikuwa ya nani sitasema. Marehemu hasemwi kwa mabaya, tena leo nimekuja kusifu.

Nianze na moyo wake wa kukopa. Programu yenye adabu huomba memori, ikatumia, ikarudisha. Yeye aliomba, akatumia, akasahau. Mteja alifunga tabu moja (ndivyo tulivyoziita, na jina halikukosea), akafungua nyingine, na kile alichokopa kwa ajili ya video ya kwanza bado amekikalia. Wahandisi wanasema memori inavuja. Lugha gani hiyo kwa mtu mzima? Mimi nasema alikuwa na imani kubwa na kesho. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yenyewe tulikuwa tunayasikia kwa masikio: RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye diski, na diski inakoroma krr, krr, kama mtu anasaga kahawa chumba cha pili. Unasogeza kipanya, mshale unafuata baadaye, ukijisikia. Wala usidhani kuongeza RAM kungemshinda. Programu ya biti 32 kwenye Windows kwa kawaida hupewa uwanja wa GB 2 tu, hata mashine iwe na GB 8. Alikuwa na uwezo wa kuufikia ukuta huo akaugonga kwa kichwa.

Alikuwa pia mtu wa watu, hakupenda kufa peke yake. Siku zile za mwanzo aliishi ndani ya Firefox yenyewe, kwa hiyo akianguka, anaanguka na nyumba: barua pepe ya dada wa kompyuta namba tatu iliyobaki sentensi moja, fomu ya ajira ya kijana wa namba tano, zote chini. Kifo cha wengi harusi, na Buguruni tulikuwa na harusi tatu kwa siku. Juni 2010 ndipo Firefox 3.6.4 ilipomjengea banda lake uani, likaitwa plugin-container.exe. Tangu hapo akifa, kivinjari kinabaki kimesimama; pale kwenye video panatokea sanduku la kijivu lenye maneno mawili matatu ya pole. Wengine wakaliona ni maendeleo. Mimi niliona upweke.

Kulikuwa na mzee mmoja, kila Ijumaa baada ya swala alikuja kutazama taarabu, kofia kichwani, amelipia saa nzima. Siku moja akaniita.

"Mwanangu, njoo. Bibi kanyamaza katikati ya neno."

Kweli, mwimbaji alikuwa ameganda, mdomo wazi, mkono hewani. Nikabonyeza Ctrl, Alt na Delete, nikafungua Task Manager. Mzee akavaa miwani.

"Huyu wa juu ni nani?"

"Ndiye anayecheza video, mzee."

"Na hizi namba mbele yake?"

"Ni memori aliyokula."

Ilikuwa 340,000 K. Mzee akazifuata tarakimu kwa ncha ya kidole, polepole, kama anayehesabu deni la duka. "Amekula zaidi ya nusu ya mashine, na bado hana nguvu za kumalizia wimbo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kama mkwe wangu." Akavua miwani. "Muue."

Nikamuua. Sanduku la kijivu likatokea, mzee akalitazama kwa heshima, kisha akauliza kama muda wake unaendelea kuhesabiwa.

Mtu wa namna hiyo hakosi kuacha elimu. Mimi nisingejua hata robo ya kompyuta bila yeye. Alinifundisha kwamba plagini ya Internet Explorer ni nyingine na ya Firefox ni nyingine, somo nililolipia kwa kupakua moja nikafungua kivinjari kingine, kisha nikapakua tena ileile. Alinifundisha kufuta keshi, kuondoa na kuweka upya, na kuzima uharakishaji wa kadi ya picha pale video inapokuwa nyeusi huku sauti inasikika. Hapo pana ufundi wake wa juu kabisa. Ili uzime kitu hicho ulitakiwa kubofya kitufe cha kulia juu ya video, uchague mipangilio, uondoe tiki. Juu ya video! Ile ambayo haifunguki ndiyo ilikuwa mlango wa kwendea kwenye dawa. Mganga alilala ndani ya mgonjwa, ikabidi utafute video nyingine iliyo nzima ili uitumie kumtibu aliyekufa.

Maadui hakukosa. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka kueleza kwa nini iPhone haitampokea Flash, na humo akamtaja kuwa ndiye sababu namba moja ya kompyuta za Mac kuanguka. Aliandika kama shutuma. Someni tena: namba moja. Wangapi katika ukoo wetu wamewahi kuwa namba moja kwa lolote, tena kwa kutajwa na tajiri?

Sasa vivinjari vinacheza video vyenyewe. YouTube ilihamia HTML5 kama njia yake ya kawaida Januari 2015, na simu ya bei ya chini kabisa inacheza chochote, popote, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Juzi nilipanda basi la mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni. Kijana aliyekaa pembeni yangu alifungua video ya mtu anayecheka, sekunde kumi na tano, bila spika za masikioni, na ilipokwisha ikaanza tena yenyewe. Ubungo ilikuwa inacheka. Magomeni inacheka. Nikamkumbuka marehemu, nikakodolea macho kioo cha simu ile nikiomba kimoyomoyo lile sanduku la kijivu. Tulishuka Kivukoni. Haikuganda hata mara moja.